UZI: Kuelewa uchumi wa nchi bila kusoma ekonomiksi, anzia kwenye hesabu siyo kwenye grafu

Mabati_Tororo

Wakuu, hapa Uganda kila Juni bajeti ikisomwa watu wanarushiana matrilioni humu utadhani wameyahesabu wenyewe, na kila Benki Kuu ikitangaza riba lazima atokee mtu aulize hii inanihusu nini mimi muuza nyanya. Mimi nauza mabati, misumari na saruji, shule niliishia S4, ekonomiksi naiona tu kwenye mabegi ya watoto wa wenzangu. Ila mabati hata kama yanatengenezwa hapahapa koili ya chuma inatoka nje kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiyumba bei yangu inabadilika kabla redio haijasema, ndiyo maana niliamua nielewe kinachonipiga kinatokea wapi.

Sasa ushauri wangu kwa anayetaka kuanza. Usianze na grafu. Vitabu vingi ukurasa wa tano tayari mistari miwili imekatana, mmoja unasogea kulia na hujui nani kausukuma, ukianzia hapo utaacha wiki hiyohiyo. Anza na hesabu za kawaida unazofanya dukani, na kila namba unayotajiwa iulize: wewe ni ya kipindi gani, na upande wako wa pili yuko nani? Kwa sababu kila shilingi aliyotoa mtu kuna mtu kaipokea, hakuna shilingi inayoanguka shimoni. Hayo mawili tu yatakupeleka mbali kuliko unavyodhani.

Tuchukue mfumuko wa bei. UBOS, ile ofisi ya takwimu ya serikali, wanautoa kila mwisho wa mwezi. Wana kapu la bidhaa na huduma, kila kitu kina uzito wake kulingana na watu wanavyotumia pesa, wanapita masokoni wanaandika bei halafu wanalinganisha na mwezi kama huu mwaka jana. Wakisema asilimia 3.5 maana yake kapu lililokuwa laki moja mwaka jana leo ni 103,500. Basi. Mtu anasoma mfumuko umeshuka, anaenda sokoni anakuta sukari iko palepale, anarudi humu kutukana kwamba namba zimepikwa. Hazijapikwa ndugu yangu, mfumuko ukishuka bei zinapanda polepole, siyo kwamba zinarudi nyuma.

Mfano tulioishi wote ni 2011. Oktoba mwaka ule mfumuko ulipita asilimia 30. Sukari ilikuwa inatafutwa kama dawa, na kabla ya hapo Aprili kulikuwa na yale maandamano ya kutembea kwa miguu kwenda kazini. Mwisho wa 2012 mfumuko ulikuwa umeanguka mpaka kama asilimia 5, je tulirudi bei za 2010? Wapi! Kitu cha 10,000 kikipanda asilimia 30 kinakuwa 13,000, mwaka unaofuata kikipanda asilimia 5 kinakuwa 13,650. Namba kwenye gazeti imetoka 30 imekuja 5, watu wanapongezana, na wewe mfukoni umezidi kutoa. Zote mbili ni kweli kwa wakati mmoja. Ukielewa hapo umeshaelewa nusu ya ugomvi wa uchumi unaoendelea mitandaoni.

Kuna mfumuko wa jumla na kuna ule wa msingi. Ule wa msingi wametoa mazao ya chakula, wametoa mafuta ya gari, umeme, maji. Ndiyo huo Benki Kuu wanauangalia sana na lengo lao ni asilimia 5 kwa muda wa kati, kwa sababu mvua ikikosa Mbarara matoke yakapanda, riba ya Kampala haiwezi kunyeshesha mvua.

Riba yenyewe ya Benki Kuu wanaiita CBR na walianza kuitangaza Julai 2011, ikaanza na 13, Novemba mwaka huohuo ikawa 23. Ishirini na tatu banange! Fikiria benki nayo ikikopa kwa bei hiyo wewe itakukopesha kwa ngapi. Watu waliacha kukopa, waliokuwa na mikopo ya nyumba wakalia, na wenye dola nje wakaona Uganda inalipa vizuri wakaleta dola zao kununua dhamana za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba. Shilingi ambayo Septemba ilikuwa karibu 2,900 kwa dola, mapema 2012 ilikuwa imerudi chini ya 2,500, na mzigo wa nje ukawa nafuu. Hiyo ndiyo njia yake, siyo uchawi. Wakati wa Korona walifanya kinyume, Juni 2021 CBR ilishushwa mpaka 6.5, vita ya Ukraine ilipopandisha kila kitu wakairudisha mpaka 10 ilipofika Oktoba 2022.

Pato la taifa sasa, GDP. Hapa ndipo wengi wanashuka garini. Fomula ni fupi: wanachotumia watu, jumlisha uwekezaji, jumlisha matumizi ya serikali, jumlisha tunachouza nje, toa tunachonunua nje. Mtu akiona hiyo "toa" anasema aha kumbe kununua vitu vya nje kunapunguza uchumi. Hapana. Chukua suruali ya mtumba pale soko la Owino Kampala, mteja kalipa 20,000. Hiyo 20,000 yote imeshaingia kwenye matumizi ya watu. Lakini tuseme mpaka inafika mpakani ilikuwa imetugharimu 12,000 iliyolipwa nje. Hiyo 12,000 haikuzalishwa Uganda, kwa hiyo wanaitoa, inabaki 8,000 ambayo ni ya huku: kodi ya mpakani, lori kutoka Malaba, mbebaji, aliyeipiga pasi, mwenye meza. Wanaitoa kusafisha hesabu kwa sababu iliingia kwa mlango mwingine, siyo kwamba suruali imeharibu uchumi. Ni hivyo hivyo kwa dhahabu. Ukiona mauzo ya nje yameruka usishangilie mpaka uangalie na upande wa manunuzi, kwa sababu dhahabu nyingi tunayouza iliingia kwanza kutoka nje ikasafishwa ikatoka, kilichobaki hapa ni kidogo. Kahawa ni tofauti, kahawa imeota Masaka na Mbale, ule mche ni wetu mpaka mzizi.

Kingine msichanganye, deni na nakisi. Nakisi ni ya mwaka mmoja, serikali imetumia zaidi ya ilichokusanya. Deni ni jumla ya yote unayodaiwa leo. Kama SACCO inakudai milioni 4 na mwezi huu umeongeza laki 3, nakisi yako ya mwezi ni laki 3, deni ni 4.3. Serikali ikisema imepunguza nakisi haijapunguza deni, imepunguza kasi ya kukopa. Kama ile ya mfumuko na bei.

Nimechoka kuandika, ulizeni.

Boda_Ntinda

Mkuu umeandika kitabu 😂 nimesoma nikisubiri abiria. Swali langu moja. Ile Januari 2022 malori yalipokwama Malaba na Busia kwa sababu ya vipimo vya Korona petroli ilifika elfu kumi lita sehemu zingine, mimi nilipaki pikipiki. Sasa unasema ule mfumuko wa msingi wanatoa mafuta. Kwa hiyo mateso yetu hawakuyahesabu?

Mabati_Tororo

Boda wangu, waliyahesabu kwenye ule wa jumla. Kwenye ule wa msingi petroli yenyewe haimo lakini wewe ulipompandishia abiria nauli, nauli imo. Kwa hiyo mafuta yanaingia kwa mlango wa nyuma yakikaa juu muda mrefu. Yakipanda mwezi mmoja yakashuka hayaachi alama kubwa, yakikaa miezi yanaingia kwenye nauli, kwenye unga wa posho, kwenye kila kitu kinachopanda gari. Benki Kuu wanachojaribu kujua ni kama moto umeingia ndani ya nyumba au ni moshi wa jirani.

Boda_Ntinda

Kale nimekusoma. Ila nauli haikushuka kurudi pale ilipokuwa, hiyo nakiri 😂😂

Nakato_Jinja

Asante kaka kwa uzi. Mimi niko kwenye saluni na kila siku wateja wanabishana kitu kimoja, naomba mnisaidie nikawajibu. Kwa nini serikali yenye mashine ya kuchapa pesa ikope? Deni ni la shilingi pia, si ichape tu ilipe waalimu na madaktari, tumalize.

Mzee_wa_Katwe

Binti yangu Nakato, hilo swali lilishajibiwa na nchi hii kwa vitendo, nyinyi mlikuwa hamjazaliwa. Miaka ya sabini, baada ya Amin kuwafukuza Wahindi 1972 viwanda vikafa mmoja mmoja, sukari ya Lugazi na Kakira ikawa hadithi, lakini noti ziliendelea kutoka. Vitu vimepungua, pesa zimeongezeka. Bei rasmi ikawa ya kwenye karatasi, bei yenyewe ilikuwa ya magendo, na waliokuwa na njia ya kupata sabuni na chumvi kwa bei rasmi wakauza kwa bei ya magendo ndio tuliwaita mafuta mingi. Watu wenye kazi nzuri ofisini walirudi kulima kwa sababu mshahara wa mwezi haukuwa unanunua kitu.

Serikali mpya ilipoingia 1986 mfumuko ulikuwa unapita asilimia 100 kwa mwaka. Mei 1987 wakabadilisha pesa, shilingi mia za zamani zikawa shilingi moja mpya, yaani sifuri mbili zilikatwa, na juu ya hapo asilimia 30 ikakatwa kama kodi ya kubadilisha. Aliyepeleka 10,000 za zamani alitoka na 70 mpya. Na bado mfumuko haukufa! Kwa nini? Kwa sababu waliendelea kutumia pesa wasizokuwa nazo, kukata sifuri hakuzuii mtu kuandika cheki. Ulikuja kutulia baada ya 1992, wizara ya fedha na ile ya mipango zilipounganishwa, marehemu Tumusiime-Mutebile akiwa katibu mkuu, wakaweka sheria kwamba kama makusanyo ya mwezi hayajaingia hakuna kutumia. Kina mama wa saluni waambie hivyo: mashine ya kuchapa ipo, tulishaitumia.

Nakato_Jinja

Mzee wetu asante sana, hii naenda kuisoma kwa sauti kesho saluni nzima isikie. Kwa hiyo pesa zilizopo sasa hivi ni zile tu zilizochapwa?

Msomi_Mwaka_wa_Tatu

Hapana dada, hapa niingie mimi maana ndio ninachosoma. Noti na sarafu ni sehemu ndogo. Pesa nyingi ni salio kwenye akaunti na nyingi ya hiyo inazaliwa pale benki inapokukopesha. Benki ikikupa mkopo wa milioni 5 haiendi kuchukua pesa za mteja mwingine kwenye sefu, inaandika upande mmoja kwamba unadaiwa milioni 5 na upande wa pili akaunti yako ina milioni 5. Pesa mpya imezaliwa hapo. Ukilipa inakufa. Ndiyo maana CBR ina nguvu, ikipanda mikopo inapungua na pesa mpya inazaliwa kidogo.

Lakini Mabati_Tororo nina ugomvi na wewe. Unawaambia watu waache grafu waanze na hesabu. Hesabu haikwambii sababu. Umesema 2011 CBR ilipanda mpaka 23 na mfumuko ukashuka, sawa. Lakini mwaka uleule ukame ulikuwa umepiga Afrika Mashariki yote, chakula kikapanda, mvua zikarudi chakula kikashuka. Pia ukilinganisha na mwaka uliopita ambao bei zilikuwa juu sana namba lazima ishuke yenyewe. Sasa ni CBR iliyotuponya au ni mvua? Kwa hesabu zako za dukani huwezi kujua hata ukeshe. Unahitaji modeli, yaani picha ya nini kinasukuma nini. Grafu unazozidharau zipo kwa sababu hiyo.

Mabati_Tororo

Msomi sijazidharau, nimesema usianze nazo. Mtu ambaye hajui kwamba mfumuko kushuka siyo bei kushuka, umpe modeli afanye nayo nini? Atabishana na mistari. Mwambie kwanza namba inapima nini ndipo aulize nani kaisukuma.

Halafu hilo swali lako la mvua na CBR, hesabu inasaidia kuliko unavyosema. Angalia ule mfumuko wa msingi ambao mazao ya chakula yametolewa. Kama ni mvua tu iliyotuokoa ule wa msingi ungebaki juu, na haukubaki, ulishuka nao. Angalia na mikopo ya benki, ilipoa kabisa, na uchumi wenyewe mwaka wa fedha 2011/12 ulipunguza kasi. Riba iliuma mahali. Mvua haipunguzi mikopo ya nyumba Kampala.

Msomi_Mwaka_wa_Tatu

Hapo umejibu vizuri ila angalia ulichofanya, umesema kama ingekuwa mvua tu basi ule wa msingi ungebaki juu. Hiyo "kama ingekuwa" ndiyo modeli mzee 😄 Umeichora kichwani bila karatasi. Na bado haijatosha, kwa sababu chakula kikishuka hata mwenye mgahawa anapunguza, na mgahawa umo kwenye msingi.

Mabati_Tororo

Basi tukubaliane mimi nina modeli ya kichwani na wewe ya karatasi. Wanaoanza waanze na ya kichwani, hiyo haihitaji kuchora mistari 😄

Busia_Mpakani

Niongeze la kwetu mpakani maana hapa uchumi wa nchi unasomeka kwenye kaunta. Sisi tunauza kwa shilingi mbili, ya Uganda na ya Kenya. Januari 2024 shilingi ya Kenya ilianguka mpaka karibu 160 kwa dola, hapa kaunta moja ya Kenya ilikuwa inakupa ya Uganda 23 au 24. Wakenya wakaacha kuvuka kununua, mahindi na mayai ya upande wetu yakawa ghali kwao ghafla ingawa hakuna Mganda aliyepandisha bei, na sisi ndio tulikuwa tunavuka kwenda kununua sabuni na mafuta ya kupikia huko. Miezi michache baadaye ikarudi kama 29 na foleni ikageuka.

Kilichotokea ni nini? Kenya walikuwa na bondi ya nje, yaani hati ya mkopo, ya dola bilioni 2 inayotakiwa kulipwa Juni 2024 na watu waliogopa watalipa vipi, kila mtu akawa anakimbilia dola. Februari wakakopa upya dola bilioni 1.5 wakaanza kuilipa mapema, hofu ikaisha, shilingi yao ikapanda. Yaani mtu wa London au New York kaamua kununua karatasi ya Kenya, na mama wa mayai Busia kapata wateja. Mimi kabla ya hapo niliona habari za bondi ni za watu wa tai. Kwa anayetaka kujifunza uchumi mpana chagua bei moja unayoiona kila siku, ifuatilie mpaka ujue inakotoka, utafundishwa na hiyo kuliko video mia.

Mabati_Tororo

Hii ndiyo "upande wa pili yuko nani" niliyosema. Busia umenena.

Mwalimu_Mbale

Wanauzi nina swali la kizembe la mtu wa mshahara. Kuna mwenzangu shuleni ananiambia niache kuweka pesa benki ninunue dhamana za serikali, eti kima cha chini ni laki moja tu. Na huyohuyo baada ya dakika mbili analalamika kwamba serikali inakopa sana ndani ndiyo maana riba ya mikopo ya benki iko juu. Sasa anachonishauri na anachokilalamikia si ni kitu kimoja?

Msomi_Mwaka_wa_Tatu

Mwalimu siyo swali la kizembe, ni swali zuri kuliko yote humu. Ni kitu kimoja kabisa. Ndiyo, zile za muda mfupi za siku 91, 182 na 364 unaweza kuanza na laki moja, unafungua akaunti yake kupitia benki halafu unaingia kwenye mnada. Za siku 364 zimekuwa zikizunguka asilimia 15 miaka hii. Kodi ya zuio ni asilimia 20 ya faida, kwa hiyo 15 inakuwa 12. Toa mfumuko wa asilimia 3 au 4, unabaki na 8 hivi ambayo ndiyo faida ya kweli. Hiyo ndiyo hesabu ya kufanya, usiangalie 15 peke yake.

Sasa geuza upande wa pili. Wewe ni meneja wa benki. Serikali inakupa 15 bila wasiwasi, inalipa siku iliyoandikwa. Anakuja Mabati_Tororo anataka mkopo wa kuongeza stoki, anaweza asilipe, unamfuata mpaka Tororo, unauza kiwanja chake. Utamkopesha kwa ngapi? Siyo chini ya 18 au 20. Ndiyo wasomi wanaita serikali kuwasukuma nje wakopaji binafsi. Mwenzako yuko sahihi mara mbili, anafaidi kwa mkono mmoja na anaumia kwa mwingine.

Mwalimu_Mbale

Na zile trilioni 72 za bajeti ya 2024/25 zote ni za barabara na shule?

Mabati_Tororo

Zote? Mwalimu umenichekesha. Mwaka wa nyuma yake ilikuwa kama 52, haikuwa kwamba nchi imejenga barabara za trilioni 20 zaidi. Fungu kubwa ndani yake ni riba, kulipa madeni na kugeuza madeni ya ndani yanayoiva, yaani unakopa mpya kulipa ya zamani na bajeti inaandika yote kama pesa iliyotoka. Usilinganishe bajeti mbili kwa jumla ya juu, shuka mpaka kwenye mistari ya chini, na linganisha na pato la taifa ambalo limepita trilioni 200. Deni lenyewe ni karibu nusu ya hilo pato, ila deni ni la miaka yote na pato ni la mwaka mmoja kwa hiyo hiyo "nusu" haimaanishi nusu ya nchi imeuzwa kama wengine wanavyoandika humu. Kinachoniogopesha mimi ni ukubwa wa riba ukilinganisha na kodi inayokusanywa, siyo hiyo nusu.

Kijana_wa_Arua

Na ile ya nchi kufika kipato cha kati imeishia wapi? 2022 si tulitangaziwa tumefika dola 1,046 kila mtu, mimi yangu sijaiona.

Msomi_Mwaka_wa_Tatu

Hahaha yako ipo kwa mwenzako, ni wastani huo. Kwenye hotuba ya Rais walitumia GDP ukigawa kwa watu. Benki ya Dunia wanatumia pato lingine, wanaondoa faida ambazo wageni wamezipata hapa wakazipeleka kwao, na dola wanaichukua kwa wastani wa miaka mitatu ili shilingi ikiruka mwaka mmoja isiwadanganye. Kwa kipimo chao tulibaki kundi la chini. Halafu sensa ya 2024 ilitukuta watu milioni 45.9, chini ya walivyokuwa wanakadiria, kwa hiyo pato la kila mtu likapanda bila mtu yeyote kupata senti. Ugawaji tu.

Nakato_Jinja

Banange 😂 Sasa sisi tusiojua kabisa, mnaanzia wapi hasa? Nipeni kitu kimoja niende nacho leo.

Mabati_Tororo

Dada yangu, mwisho wa mwezi ingia tovuti ya UBOS pakua ile taarifa ya bei, ni PDF, siyo nzito kwenye data. Ruka maneno ya mwanzo. Tafuta jedwali lenye mfumuko wa mwaka na wa mwezi kando kando, maana wa mwezi unaonyesha sasa hivi na wa mwaka bado unabeba vitu vya nyuma. Angalia saluni inakaa kundi gani, iko kwenye huduma, linganisha na bei zako mwenyewe ulivyopandisha. Halafu soma taarifa ya Benki Kuu ya riba, kurasa chache tu, uone wanasema kitu gani kuhusu namba hiyohiyo uliyoisoma. Ukishazoea hivyo viwili ndipo uende video za masomo za Khan Academy mtandaoni uone hizo grafu za Msomi, zitakuwa na maana kwa sababu utajua mstari umebeba nini.

Msomi_Mwaka_wa_Tatu

Nakubali huo mpangilio. Ongeza tu, kabla hujafungua taarifa ya riba andika mahali unavyodhani watafanya, wataipandisha, wataishusha au wataiacha, na sababu. Oktoba 2024 waliishusha mpaka 9.75 na kuna watu darasani kwetu walikuwa wameapa itaachwa.

Boda_Ntinda

Mimi naweka yangu hapahapa, mkutano ujao wanaiacha ilivyo. Sababu: petroli stesheni ya Ntinda haijabadilika.

Mabati_Tororo

Boda, petroli haimo kwenye ule wa msingi!

Boda_Ntinda

Nauli imo 😂